Umri wa Silaha za Wadayak: Tusiseme Tusilolijua

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu ili niseme neno juu ya jambo lililotokea muhula uliopita katika Chama cha Majadiliano. Wengi wenu mlikuwapo siku ile, na wazazi wetu ambao hawakuwapo nitawaeleza. Hoja ilikuwa hii: "Vitu vya kale vina thamani kuliko vitu vipya." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliokubali. Nilisimama na kitabu cha maktaba mkononi, nikawaonyesha watu picha ya upanga wa Wadayak wa kisiwa cha Borneo, nikasema kwa sauti kubwa, "Tazameni! Upanga huu una umri wa miaka 300, na hata leo makali yake ni yale yale." Watu wakapiga makofi. Upande wetu ukashinda kwa kura 46 kwa 31.

Jioni yake, tulipokuwa tukiosha sahani, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili alinijia akaniuliza kwa adabu, "Kaka, ile miaka 300 umeijuaje?" Nilimjibu kwamba kitabu ndicho kilichosema, nikaenda zangu. Lakini kitabu hakikusema hivyo. Chini ya picha yameandikwa maneno machache tu, kwamba huu ni upanga wa Wakayan wa Borneo, na kwamba uliingia katika nyumba ya makumbusho mwaka 1905. Basi, hakuna zaidi. Ile miaka 300 niliitunga mwenyewe kwa sababu ilisikika vizuri masikioni.

Swali lile lilininyima raha. Nilirudi maktaba, na mwalimu wetu wa Historia akanisaidia kupata maandiko mengine. Sasa nataka kueleza niliyoyaona na kutoa rai yangu. Rai yangu ni kwamba mtu asitaje umri wa kitu cha kale bila kutaja shahidi wake. Tena mkusanyaji anayechukua kitu bila kuandika kimetoka wapi na kwa nani, huyo ndiye anayeua umri wa kitu kile, hata akiking'arisha na kukiweka ndani ya kabati la kioo.

Huenda mtu akauliza, "Borneo ni wapi na sisi ni wapi?" Borneo ni kisiwa cha tatu kwa ukubwa duniani, na nchi tatu zimekigawana, yaani Indonesia, Malaysia na Brunei. Ni mbali kweli, lakini bahari iliyo kati yetu ni Bahari ya Hindi, na watu wameivuka tangu zamani. Lugha ya Kimalagasi, isemwayo na jirani zetu wa Madagaska, ni ndugu wa karibu wa Kimaanyan, lugha ya Wadayak wa bonde la mto Barito, kusini-mashariki ya Borneo. Mtaalamu wa Norway, Otto Christian Dahl, alieleza jambo hili kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1951. Hata mivukuto ya wahunzi wa Madagaska, yenye mapipa mawili ya miti na michi ya kupandisha na kushusha ndani yake, ni ya namna moja na mivukuto ya Borneo. Basi watu hawa si wageni kabisa kwetu, maana ni jamaa ya jirani zetu.

Tena yafaa tujue kwamba jina Wadayak si la kabila moja. Ni jina la makabila mengi ya bara ya kisiwa kile, kama Waiban, Wabidayuh, Wakayan, Wakenyah, Wangaju na wengine. Lugha zao ni mbali mbali, na silaha zao pia si namna moja. Anayesema "upanga wa Kidayak" na kunyamaza hapo, amesema kidogo sana.

Silaha yao mashuhuri ni upanga uitwao mandau. Wakayan huuita malat, na Waiban huuita parang ilang. Si upanga mrefu kama wa askari wa farasi. Ni mfupi kiasi, una makali upande mmoja tu, na bapa lake hupanuka kadiri linavyokaribia ncha. Jambo lililonistaajabisha ni kwamba panga nyingi za namna hii upande mmoja wa bapa umebinuka kidogo na upande wa pili umebonyea. Kwa hivyo upanga wa mtu wa mkono wa kulia haumfai mtu wa mkono wa kushoto, na mhunzi sharti ajue atamfulia nani. Mpini hufanywa kwa mti mgumu au kwa pembe ya ayala, ukachongwa nakshi nzuri sana, na mara nyingine ukatiwa mashungi ya nywele. Bapa hushikizwa ndani ya mpini kwa utomvu wa mti. Ala ni vipande viwili vya ubao vilivyofungwa pamoja kwa henzirani, na ubavuni mwake hukaa kisu kidogo chenye mpini mrefu, cha kuchongea na kupasulia henzirani. Silaha nyingine ni ngao ndefu ya mti mwepesi, na sumpit, yaani bomba la mti mgumu la kupulizia vishale vyenye sumu, ambalo aghalabu hufungwa ncha ya mkuki mwishoni likafaa kwa kazi mbili.

Sasa, tuutazame upanga huo kwa makini. Je, ni kitu kimoja? Sivyo. Ni bapa, na mpini, na ala, na kamba za henzirani, na mshipi, na kisu kidogo, na kila kimoja kina umri wake. Nyumbani twajua vizuri jambo hili. Jembe la mama laweza kuwa la miaka kumi na mpini wake wa juzi. Katika nchi ya mvua nyingi na mchwa kama Borneo, mti na henzirani na nywele huharibika upesi, na mwenye upanga hubadilisha ala ikivunjika na kufunga kamba upya zikikatika. Mfanya biashara naye huweza kuchukua bapa la hapa na ala ya pale akaviunganisha ili vinunulike. Kwa hivyo mtu akiniuliza "Upanga huu una umri gani?" yanipasa kwanza nimwulize, "Sehemu ipi?"

Nimeona kwamba wako mashahidi wa namna kadha wanaoweza kutueleza umri, na kila mmoja ana mipaka ya ushahidi wake.

Shahidi wa kwanza ni karatasi. Picha yangu ilisema upanga uliingia makumbusho mwaka 1905. Neno hili dogo ni la thamani kubwa, maana latuhakikishia kwamba upanga haukufuliwa baada ya mwaka huo. Halisemi ulifuliwa lini kabla yake. Huenda ni mwaka 1904, huenda ni miaka mingi nyuma. Walakini ni ukuta imara wa kuegemea. Tukipata panga nyingi zenye karatasi kama hizo, twaweza kulinganisha upanga usio na karatasi na zile zinazojulikana. Nyumba ya makumbusho ya Sarawak, katika mji wa Kuching, ilianzishwa mwaka 1888, na jengo lake likafunguliwa mwaka 1891. Msimamizi wake mmoja, Robert Shelford, alizipanga panga za makabila ya Sarawak kwa namna zake na kuchapisha habari hizo mwaka 1901. Charles Hose, aliyeanza kazi ya utawala Sarawak mwaka 1884, alikusanya vitu vingi vya Wakayan na Wakenyah, na sehemu ya mkusanyo wake ikanunuliwa na British Museum ya London. Mwaka 1912 yeye na William McDougall walitoa kitabu cha juzuu mbili juu ya makabila ya Borneo, na ndani yake mna habari za wahunzi na silaha. Daktari wa Kiholanzi, A. W. Nieuwenhuis, alivuka kisiwa chote kati ya mwaka 1896 na 1897, na vitu alivyokusanya katika safari zake vimewekwa katika makumbusho ya mji wa Leiden. Vitu vya watu hawa ni kama kamusi kwetu. Si kwa sababu ni vya kale kuliko vyote, bali kwa sababu mtu aliandika.

Shahidi wa pili ni vitu vilivyotumika. Rangi za kiwandani zilianza mwaka 1856, alipozigundua kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Perkin. Kwa hivyo shungi la nywele za mbuzi lililotiwa rangi ya kiwandani haliwezi kuwa la kabla ya mwaka huo. Uzi wa nailoni ulitangazwa duniani mwaka 1938. Ala iliyofungwa kwa nailoni ilifungwa baada ya hapo. Kama kwenye mshipi imeshonwa sarafu ya mwaka 1890, ilishonwa mwaka 1890 au baadaye. Lakini angalieni, ndugu wasomaji, shahidi huyu asemea sehemu yake tu. Nailoni haisemi kwamba bapa ni jipya, na sarafu haisemi kwamba mpini ni wa mwaka wake. Wala sarafu haisemi ilikaa mfukoni mwa watu miaka mingapi kabla ya kushonwa.

Shahidi wa tatu ni chuma chenyewe. Wakayan na Wakenyah walijua kuyeyusha chuma kutoka katika mawe ya nchi yao kwa makaa ya miti. Baadaye vyuma vya kununua vilipofika kutoka ng'ambo kwa wingi, katika karne ya 19, kazi ile ngumu ya kuyeyusha ilipungua na mwisho ikaachwa, lakini ufundi wa kufua ukaendelea. Siku hizi wahunzi wengi hutumia springi za magari. Chuma cha tanuri la kienyeji huwa na chembe za taka ndani yake, zile wahunzi wanazoziita mavi ya chuma, na mtaalamu huweza kuziona kwa darubini. Basi chuma cha springi chatuambia wazi kwamba upanga ni wa wakati wa magari. Lakini chuma chenye taka hakimaanishi lazima kwamba upanga ni wa kale sana, maana mhunzi aweza kuchukua chuma cha babu yake akakitia motoni na kufua upanga mpya kabisa. Umri wa chuma si umri wa upanga.

Shahidi wa nne ni sayansi. Wenzangu wa masomo ya Sayansi waliniambia, "Peleka kwa wataalamu wa kaboni 14, mambo yatakwisha." Nami nilidhani hivyo. Njia hii ilianzishwa na Willard Libby wa Marekani na wenzake mwaka 1949, naye akapata tuzo ya Nobel mwaka 1960. Kila kilichokuwa hai kina kaboni 14, na kikisha kufa kaboni hiyo hupungua pole pole, hata nusu yake huisha kwa miaka 5,730. Ni njia nzuri sana kwa vitu vya maelfu ya miaka. Lakini tangu karibu mwaka 1650 hadi mwaka 1950, hesabu zake hupanda na kushuka kwa namna ambayo jibu moja laweza kufaa vipindi viwili au vitatu vilivyo mbali mbali. Na hicho ndicho kipindi hasa cha silaha nyingi za Wadayak zilizopo. Faida yake kubwa ni kumkamata mwongo wa karibu. Majaribio ya mabomu ya nyukilia ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 yaliongeza sana kaboni 14 hewani, kwa hivyo mti au nywele zilizoota baada ya hapo hujulikana. Na upande wa chuma kuna mtego mwingine. Chuma kilichoyeyushwa kwa makaa ya mawe, kama vile vyuma vingi vilivyonunuliwa kutoka Ulaya, hupata kaboni iliyotoka katika makaa yale, nayo ni ya zamani mno hata kaboni 14 yake imekwisha. Anayepima bila kufikiri ataambiwa kwamba upanga wa juzi una miaka elfu makumi!

Shahidi wa tano ni mwenye kitu. Huyu ndiye niliyemsahau siku ya majadiliano, na sasa nadhani ndiye wa kuulizwa kwanza. Katika nyumba ndefu za Waiban, watu wengi wamehifadhi nasaba zao kwa vizazi vingi. Mtu huweza kutaja baba, na babu, na baba wa babu, na kuendelea nyuma. Upanga wa urithi hupita katika nasaba hiyo. Mzee akisema, "Upanga huu ulifuliwa na fulani, akampa mkwewe, naye ndiye babu wa baba yangu," amekupa kitu ambacho darubini haiwezi kukupa. Ni kweli kwamba masimulizi huweza kukosea, na vizazi si miaka kamili. Lakini hapo yako majina, iko njia, kuna mahali pa kuanzia. Anapokuja mnunuzi akatoa fedha, akauchukua upanga na asiulize jina hata moja, shahidi huyo amenyamazishwa. Upanga ukiuzwa tena mjini, ukauzwa tena ng'ambo, mwenye duka ataandika "Borneo, wa kale sana", na hakuna mtu duniani atakayeweza kurudisha yaliyopotea.

Mashahidi hawa watano wana upungufu, lakini si waongo. Wako wengine walio waongo kabisa, nami nilikuwa nikiwasadiki. Wa kwanza wao ni kutu. Watu wengi wakiona kutu husema, "Hiki ni cha kale." Lakini upanga mpya uliotupwa kwenye unyevu hushika kutu kwa majuma machache, na upanga wa zamani uliofutwa na kupakwa mafuta kila mara huonekana kama wa jana. Tena kutu huweza kutengenezwa kwa asidi, na weusi wa mti huweza kutengenezwa kwa moshi. Mwongo wa pili ni hadithi ya kutisha. Wadayak walijulikana Ulaya kwa habari za kukata vichwa vya adui, na wauzaji wanajua kwamba upanga wenye hadithi ya vichwa hupanda bei. Ni kweli desturi hiyo ilikuwako. Lakini mwaka 1894 wakuu wa makabila mengi walikutana Tumbang Anoi, mahali palipo sasa katika Kalimantan ya Kati, wakapatana kuacha kukata vichwa, kulipizana kisasi na utumwa. Watu waliofanya baraza kubwa kama hilo wanastahili kutajwa kwa baraza lao pia. Na upanga ule ule uliobebwa vitani ulifyeka njia msituni na kuvaliwa kwa heshima siku za sherehe.

Nadhani sababu ya uwongo huu wote ni bei. Kama mnunuzi anataka cha kale tu, muuzaji atampa cha kale, hata kama alikifua mwezi uliopita. Kati ya mwaka 1963 na 1966, wakati wa ugomvi wa Indonesia na Malaysia, askari wa Uingereza, Australia na New Zealand walikaa Borneo, na wengi walirudi kwao na panga za ukumbusho. Hakuna ubaya katika ukumbusho. Lakini leo hii panga hizo ziko mikononi mwa wajukuu, na mjukuu asipokuwa na karatasi hushawishika kuongeza miaka 100 juu yake, kama nilivyoshawishika mimi kuongeza 200.

Sheria nayo imeingia. Indonesia, kwa sheria yake ya mwaka 2010 juu ya urithi wa utamaduni, huhesabu kitu chenye miaka 50 au zaidi kuwa kinaweza kuandikishwa na kulindwa kama urithi wa taifa. Basi fikirini muuzaji asiye mwaminifu atakavyofanya. Mbele ya afisa wa forodha atasema upanga ni mpya, na mbele ya mnunuzi atasema una miaka 150. Upanga mmoja, vinywa viwili! Tena baadhi ya mapambo ya zamani yalitoka kwa hondohondo mkubwa wa Borneo mwenye kofia ngumu kama pembe ya ndovu. Tangu mwaka 1975 biashara ya ndege huyu imekatazwa kati ya mataifa, na mwaka 2015 alitiwa katika orodha ya viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Anayechonga kipande kipya cha hondohondo na kukipaka moshi ili kionekane cha kale, haibi fedha za mnunuzi tu, bali anamwua ndege ambaye hatapatikana tena.

Najua yako majibu dhidi yangu. Rafiki yangu aliyekuwa msemaji wa pili upande wetu aliniambia, "Kama wakusanyaji wasingechukua, mchwa wangekula vyote. Afadhali upanga usio na jina kuliko upanga usiokuwapo." Neno hili lina ukweli, nami silikatai. Bila wakusanyaji wa zamani, Shelford asingekuwa na panga za kupanga, wala mimi nisingekuwa na picha ya kuonyesha. Lakini namjibu hivi: kuandika mistari mitano kwachukua muda gani? Jina la kijiji, jina la mwenye kitu, jina la mfuaji likijulikana, mwaka, na namna kilivyopatikana, kama kimenunuliwa, kimetolewa zawadi, au kimechukuliwa kwa nguvu. Hili la mwisho pia liandikwe, hata kama laona haya. Mchwa huula mti tu, lakini uvivu wa kuandika huula habari yote.

Mwingine aliniambia kwamba nikisema hivi navivunjia heshima vitu vya kale. Mimi naona kinyume. Mwaka 1964 serikali ya Sarawak ilikubali Gawai Dayak, sikukuu ya Wadayak ya mwezi wa Juni, kuwa siku ya mapumziko kwa watu wote, na hata leo wanaume huonekana siku hiyo wamevaa panga zao. Nyingine ni za mababu, na nyingine zilifuliwa na wahunzi walio hai. Mhunzi wa leo anayejua kubinua upande mmoja na kubonyeza upande wa pili kwa kipimo cha mkono wa mwenye upanga, si mwigaji. Ni mrithi. Upanga wake ukiuzwa kwa jina lake na mwaka wake, ni kitu cha kweli. Ukiuzwa kama wa miaka 300, mhunzi ameibiwa jina, na mnunuzi ameibiwa fedha. Basi si lazima kitu kiwe cha kale ndipo kiheshimiwe, na hapa naona haya kidogo, kwa kuwa ile hoja niliyoitetea kwa nguvu zote sasa siiamini kama nilivyoiamini.

Wazee wetu walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kweli, maana ilianza jukwaani ikaishia kwenye bomba la kuoshea sahani.

Kwa hiyo natoa maombi mawili. La kwanza ni kwa Chama cha Majadiliano. Iwe kanuni yetu kwamba msemaji akitaja umri, au idadi, au kipimo chochote, mwenyekiti awe na haki ya kumwuliza "Umejuaje?" na msemaji asipokuwa na jibu, neno lake lisihesabiwe. La pili ni kwa Bwana Katibu. Katika daftari la mkutano ule imeandikwa kwamba upanga wa Borneo una miaka 300. Naomba akate neno hilo kwa mstari mmoja, lisomeke bado ili watu wajue lilisemwa, na kando yake aandike hivi: "Upanga wa Wakayan, uliingia makumbusho mwaka 1905, haukufuliwa baada ya hapo, mengine hayajulikani kwa msemaji." Kama wanachama wataona kwamba ushindi wetu nao ukatwe, sitanung'unika.

Na yule mdogo wangu wa Kidato cha Pili, namwomba radhi mbele ya wasomaji wote. Sasa jibu lako ni hili: sikujua.

Mimi mwanafunzi wenu,
Kidato cha Nne